Tikisamkia wa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unamhusu yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetembea barazani, juu ya mabati na kando ya madimbwi huku mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika. Wakazi wengi wa Mombasa wanamjua kwa sura tu. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia. Mengine yamejibiwa kwa kirefu, mengine sentensi mbili tatu zilitosha.

Huyu ndege hasa ni nani?

Ni tikisamkia mweusi na mweupe wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Motacilla aguimp. Urefu wake, mkia ukiwamo, ni sentimita 19 au 20, na karibu nusu ya urefu huo ni mkia wenyewe. Uzito wake hauzidi sana gramu 30, yaani ni mwepesi kuliko anavyoonekana. Spishi hii ilielezwa kitaalamu mwanzoni mwa karne ya 19, ingawa jenasi yake (kundi la spishi zenye undugu), Motacilla, ilikuwa imeshapewa jina na mtaalamu Msweden, Linnaeus, mwaka 1758. Anaishi sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na kwa kuufuata mto Nile amefika mpaka kusini mwa Misri.

Hapa Mombasa yupo mwaka mzima. Si mgeni wala msafiri. Jozi unayoiona Januari uani kwako yaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo utakayoiona Agosti.

Nitamtambuaje bila darubini?

Anza na miguu kabla ya rangi. Tikisamkia hutembea, mguu mmoja mbele ya mwingine, na akimwona nzi hukimbia mbio fupi kisha akasimama ghafla. Shomoro hatembei mguu mmoja mmoja namna hiyo. Yeye hurukaruka kwa miguu yote miwili pamoja. Tofauti hii peke yake inatosha hata kama jua liko nyuma ya ndege na rangi hazionekani.

Kisha tazama mkia. Kila anaposimama, mkia hupanda na kushuka mara kadhaa. Hautikiswi upande kwa upande kama wa mbwa.

Rangi zinakuja mwisho, na zenyewe ni rahisi. Utosi, mashavu na mgongo ni vyeusi. Juu ya jicho kuna mstari mweupe mnene unaoanzia karibu na mdomo na kupita nyuma ya jicho, kama nyusi iliyopakwa chokaa. Koo ni jeupe, chini yake kuna mkanda mweusi kifuani, na tumbo ni jeupe. Bawa ni jeusi lenye baka kubwa jeupe, na baka hilo ndilo linalokushtua anaporuka. Kingo za mkia ni nyeupe pia.

Akiruka haendi moja kwa moja. Hupanda kidogo, hushuka kidogo, mawimbi mawimbi, na mara nyingi hutoa sauti fupi kali yenye silabi mbili, kitu kama "chi-zit". Ukishaizoea sauti hiyo utamjua akipita juu yako kabla hujainua kichwa.

Nimemwona wa kijivu, mwenye alama zile zile. Ni aina nyingine?

Huenda ni kijana wa mwaka huu. Makinda waliotoka kiotani huwa na rangi ya kijivu yenye ukahawia pale wazazi walipo weusi, na mkanda wa kifuani huwa hafifu. Kama kuna mtu mzima mweusi anayemlisha mdomoni, swali limejijibu.

Dume na jike wanatofautianaje?

Kidogo sana. Weusi wa jike huwa umefifia ukilinganisha na wa dume, lakini tofauti hiyo inataka uwaone wote wawili pamoja, kwenye mwanga mzuri, na hata hapo usiape. Wanaishi wawili wawili, kwa hiyo ukimwona mmoja tafuta wa pili ndani ya hatua hamsini.

Na yule wa manjano ninayemwona uwanja wa mpira?

Huyo ndiye tikisamkia wa pili wa Mombasa, na habari zake ni tofauti kabisa. Ni tikisamkia wa manjano, Motacilla flava, na ni msafiri. Huzaliana Ulaya na magharibi ya Asia, kisha baridi ya huko inapokaribia hushuka Afrika. Kwetu huanza kuonekana Septemba au Oktoba, upepo wa kusi ukiwa umepungua nguvu. Hukaa kaskazi yote, na kufikia Aprili, masika yanapoanza kushika kasi, huwa wengi wameshaondoka. Mkulima au mvuvi wa pwani aliyezoea kuhesabu mwaka kwa pepo hatapata shida kukumbuka kalenda yake.

Ni mdogo kuliko yule wa barazani, na mkia wake ni mfupi kidogo, ingawa anautikisa vile vile. Tumbo ni la manjano na mgongo ni wa kijani chenye ukahawia. Kichwa ndicho kinachowachanganya watu. Wako wenye kichwa cha buluu-kijivu, wako wenye kichwa cheusi, wako wenye kichwa cha manjano. Hao si spishi tofauti. Ni madume ya spishi moja yaliyotoka sehemu mbalimbali za eneo lao la kuzaliana, na huku kwetu huchanganyikana kwenye kundi moja.

Jambo la kuvumilia ni kwamba wanapofika hawapendezi. Oktoba na Novemba utakutana na ndege wengi wa rangi ya vumbi, wenye manjano hafifu chini ya mkia tu, na utajiuliza hayo manjano yanayosifiwa yako wapi. Subiri Februari na Machi. Wakati huo hubadilisha manyoya wakijiandaa kurudi kuzaliana, na dume lililokuwa kama limepauka na jua huwaka kama ganda la limau. Ukiwa na asubuhi moja tu ya kuwatazama kwa mwaka, iweke katikati ya Machi.

Watafute kwenye nyasi fupi: viwanja vya mpira, uwanja wa gofu karibu na Mama Ngina (tazama kutoka nje ya uzio), na popote penye ng'ombe au mbuzi wanaochungwa pembezoni mwa mji, kama upande wa Jomvu na Kisauni. Wanafuata kwato, kwa sababu mnyama akikanyaga nyasi wadudu huruka, na anayewasubiri yuko hapo hapo.

Je, anaweza kuonekana Julai?

Wa manjano? Usitarajie. Ukiona ndege mdogo wa manjano Mombasa mwezi Julai, anza kwa kufikiria mnana, yule anayesuka viota vinavyoning'inia minazini. Mnana ana mdomo mnene wa kuvunja mbegu, mkia mfupi, na hana haja ya kutembea sakafuni.

Kuna aina nyingine Kenya? Nisije nikamtangaza asiyekuwapo.

Zipo, na karibu zote zitakukwepa ukiwa kisiwani. Tikisamkia wa Rasi, mwenye mgongo wa kijivu-kahawia na mkanda mwembamba kifuani, ni ndege wa nyanda za juu. Ukisafiri kwenda Naivasha unaweza kumkuta kando ya ziwa, lakini hashuki pwani. Tikisamkia wa milimani, mwembamba, wa kijivu safi na mweupe, anakaa kwenye vijito vyenye mawe na miti. Tikisamkia wa kijivu mwenye manjano chini ya mkia huja kutoka Ulaya na Asia kama yule wa viwanjani, ila naye hupenda vijito vya bara. Tikisamkia mweupe wa Ulaya ni nadra Kenya, na akionekana huwa ni kaskazini zaidi, kama kule Ziwa Turkana.

Kwa hiyo kanuni ya Mombasa ni fupi: mweusi na mweupe mwaka mzima, wa manjano wakati wa kaskazi. Ukidhani umeona wa tatu, piga picha kwanza.

Ndege gani wengine huchanganywa naye?

Wa kwanza ni chamchanga, yule ndege mdogo wa ufukweni anayebembea matako kwenye miamba chini ya Fort Jesus na kando ya Mama Ngina. Kwa mbali mwendo wake unafanana sana na wa tikisamkia, na wote wawili wanaweza kuwa kwenye jiwe moja. Lakini chamchanga ni wa kahawia juu na mweupe chini, mdomo wake ni mrefu, mkia wake ni mfupi, na anaporuka hupita karibu na maji kwa mabawa yaliyokakamaa. Naye ni msafiri wa kutoka kaskazini. Mwezi wa Juni miamba hubaki karibu yote kwa tikisamkia peke yake.

Wa pili ni mbwigu mwenye mkia mrefu. Ni mweusi, mweupe na kijivu, lakini ni mkubwa zaidi, mdomo wake una ndoano, na hukaa juu ya waya au kichaka akiwa na jamaa zake watatu wanne. Mkia wake anauzungusha badala ya kuupandisha. Hatembei barazani kwako.

Wa tatu ni fumbwe dume, msimu wa mvua anapoota mkia mrefu mwembamba kama uzi. Mdomo wake mwekundu unamaliza ubishi.

Kwa nini anatikisa mkia?

Ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halijafungwa. Wengi husema ni kujiweka sawa asianguke, lakini hata akisimama kwenye sakafu tambarare bila upepo bado anatikisa, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi.

Dhana moja ni kwamba mwendo wa mkia huwashtua wadudu wakaruka, naye akawadaka. Inasikika vizuri, hasa kwa ndege anayekula nzi. Dhana nyingine ni kwamba mkia ni ujumbe kwa adui: nimekuona, usijisumbue. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu tikisamkia mweupe wa Ulaya, jamaa wa karibu wa huyu wetu, uliuhusisha mtikiso huo na hali ya ndege kuwa macho dhidi ya hatari. Mimi naegemea upande huo. Ndege anayekula sakafuni, mahali pa wazi, bila jani la kujificha, ana kila sababu ya kumjulisha paka kwamba hakulala.

Anakula nini?

Wadudu, kwanza na mwisho. Nzi, mbu wanaotoka majini, kumbikumbi mvua inaponyesha, viwavi, buibui. Wengi huwaokota chini, wengine huwadaka hewani kwa kuruka juu ghafla na kugeuka papo hapo, mchezo ambao ukiuona utaelewa mkia mrefu una kazi gani nyingine.

Akiishi na watu hajivungi. Huokota punje za ugali, wali, makombo ya mkate na mahamri. Kwenye vibanda vya chai asubuhi utamkuta chini ya meza, akisubiri kwa heshima zaidi kuliko kunguru.

Mbona yuko mjini kati? Ndege si wa msituni?

Huyu hakuwahi kuwa wa msituni. Asili yake ni kingo za mito: mawe, mchanga, maji ya kina kifupi, na nafasi ya wazi ya kukimbia. Sasa tazama mji wa Mombasa kwa jicho lake. Paa la saruji ni jiwe pana. Mfereji unaovuja ni kijito. Sakafu ya soko baada ya kuoshwa ni ukingo wa mto, tena wenye nzi wengi kuliko mto wowote. Marikiti na Kongowea zinampa chakula, mabati na nyufa za kuta za Mji wa Kale zinampa mahali pa kujenga, na mteremko wa feri Likoni unampa vyote viwili kwa pamoja.

Ndiyo maana bustani yenye vichaka vizito na majani yaliyorundikana haimvutii, hata ikiwa na miti mizuri namna gani. Wala hutamkuta katikati ya mikoko, ingawa ukingoni, matope yanapokuwa wazi, anakuja. Bwawa la kuogelea la hoteli ya Nyali au Shanzu ni bora kwake kuliko msitu. Ana maji, vigae tambarare, na wadudu walioanguka majini usiku.

Anagonga kioo cha gari langu kila asubuhi na kukichafua. Ana kichaa?

Hapana, ana wivu wa eneo. Jozi ya tikisamkia hulinda sehemu yake, na dume akijiona kwenye kioo cha pembeni huona dume mwingine aliyekuja kuchukua nyumba yake. Anamshambulia, yule hakimbii, anamshambulia tena. Anaweza kurudia hivyo kwa siku nyingi, hasa wakati wa kuzaliana, na kinyesi unachokikuta mlangoni ni chake akiwa amekaa juu ya kioo kupumzika kati ya raundi.

Dawa ni kufunika kioo. Soksi kuukuu inatosha, au mfuko wa kitambaa (ile ya nailoni ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017). Kwenye tuktuk, vikunje vioo kuelekea ndani ukiegesha. Kwa dirisha la nyumba, bandika gazeti upande wa nje kwa wiki moja mbili. Kumfukuza kwa mawe hakusaidii. Adui yake yuko kwenye kioo, na bado yuko pale.

Anaimba, au ni zile kelele mbili tu?

Anaimba, na vizuri. Alfajiri dume hukaa juu ya ukingo wa paa au antena na kutoa mfululizo wa miluzi laini na mitetemo inayokaribia ya kanari wanaofugwa vizimbani. Tatizo ni kwamba anaimba saa ambayo Mombasa ina adhana, majogoo na matatu za kwanza. Ukiamka Jumapili mapema utamsikia vizuri zaidi.

Amejenga kiota nyumbani kwangu. Nifanyeje?

Usifanye kitu, ikiwezekana. Hujenga kwenye uwazi kati ya ukuta na mabati, chini ya paa la makuti, nyuma ya ubao wa duka, kwenye chungu cha maua, kwenye chuma kinachoshikilia mashine ya ubaridi, hata kwenye mashua iliyotia nanga. Kiota ni kikombe cha nyasi, mizizi na vipande vya uzi au kitambaa, ndani kimetandikwa manyoya na nywele.

Mayai huwa matatu au manne kwa kawaida, yenye rangi iliyofifia na madoadoa ya kahawia. Wazazi hupokezana kuyaatamia kwa wiki mbili hivi, kisha hulisha makinda kwa wiki mbili nyingine kidogo. Hesabu yako, basi, ni mwezi mmoja. Kama ulikuwa umepanga kupaka rangi ukuta au kubadilisha bati hilo, ahirisha mwezi huo. Wanaweza kuzaliana miezi mbalimbali ya mwaka, ila mvua huongeza wadudu, na wadudu wakiongezeka ndipo kazi ya kulisha huwa rahisi.

Mambo matatu ya kuepuka: kupanda ngazi kila siku kuchungulia, kupulizia dawa ya mende au mbu karibu na kiota, na kumwachia paka njia ya kufika. Hilo la kuchungulia linadharauliwa, lakini kunguru ni ndege werevu na hutazama mtu anatazama wapi.

Makinda wakishaondoka na wazazi wakaacha kurudi, unaweza kusafisha. Wakipapenda watajenga tena hapo hapo.

Nimemkuta kinda chini. Nimpe maziwa?

Usimpe maziwa, wala mkate uliolowekwa. Kwanza tazama manyoya yake. Kama ana manyoya ya kutosha na anasimama, huyo hakuanguka. Ametoka kiotani akiwa hajui kuruka vizuri, na wazazi wanaendelea kumlisha sakafuni. Mwondoe njiani, mweke juu ya ukuta mfupi au chungu cha maua karibu na hapo hapo, mfungie paka ndani, uondoke. Ukisimama kumlinda kwa karibu wazazi hawatakuja.

Kama hana manyoya na macho yamefumba, mrudishe kiotani ukikiona. Ile habari kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na mtu haina msingi. Nawa mikono baadaye.

Nimeona tikisamkia akimlisha kinda mkubwa kuliko yeye. Inawezekana?

Inawezekana, na ukipata picha itunze. Kekeo wana tabia ya kutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine, na yule kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa, ingawa huwapenda zaidi minana, hutumia pia viota vya tikisamkia. Kinda wa kekeo huanguliwa mapema, huwasukuma wenzake nje, na kubaki peke yake na walezi wawili. Wao humlisha kwa bidii ile ile.

Kunguru wamewamaliza?

Hawajawamaliza, lakini wanawapunguzia makinda. Kunguru wa Bara Hindi si mwenyeji wa hapa. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na ndege wanaojenga mahali pa wazi wameumia zaidi. Tikisamkia amepata nafuu kwa sababu hujificha kwenye nyufa ambazo kunguru hapiti. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Wewe nyumbani unachoweza kufanya ni kufunika pipa la taka. Taka ndizo zinazomnenepesha kunguru.

Usiku analala wapi?

Jozi yenye kiota hukaa karibu nacho. Nje ya msimu wa kuzaliana, tikisamkia huweza kukusanyika jioni na kulala pamoja mtini, kwenye matete au juu ya majengo. Wale wa manjano wanapenda zaidi matete na nyasi ndefu zenye maji. Ukiwaona tikisamkia wengi wakipita upande mmoja muda mfupi kabla ya magharibi, wafuate kwa macho.

Naweza kumfuga?

Hapana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumiliki mnyama wa porini bila kibali, na ndege wamo. Isitoshe ndege anayekula wadudu hai siku nzima hawezi kutunzwa kwa mtama. Na kwa nini umfungie kizimbani ndege anayekuja mwenyewe hadi mlangoni?

Akiingia ndani ni uchuro au ni baraka?

Bundi ndiye aliyebeba mzigo wa uchuro kwenye pwani yetu, na hata yeye anasingiziwa. Tikisamkia akiingia sebuleni amemfuata nzi au ameona makombo. Fungua milango yote, zima feni ya dari haraka (hiyo ndiyo hatari ya kweli), utulie. Atatoka kwa miguu, kama alivyoingia.

Nifanye nini ili aje uani kwangu?

Maji. Mombasa kuna joto, na sinia pana lenye maji ya kina cha vidole viwili, likiwekwa mahali pa wazi paka asipoweza kujificha, litamleta kuliko chakula chochote. Badilisha maji kila siku, la sivyo utakuwa umefuga mbu. Fagia sehemu ya ua iwe tupu, kisha acha kupulizia dawa kila mdudu unayemwona. Makombo ya chapati au ugali kidogo hayana neno, lakini usimpe viazi vya kukaanga wala kitu chochote chenye chumvi nyingi.

Wapi na saa ngapi ni pazuri kumtazama?

Kwa yule mweusi na mweupe, pale ulipo. Kama unataka mahali pa kukaa kwa starehe, nenda Mama Ngina asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu kabla watu hawajajaa, au nyasi zilizo nje ya Fort Jesus. Haller Park kule Bamburi inafaa pia. Ni machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971 na René Haller, na sasa yana mabwawa ya samaki ambayo kingo zake ndizo anazozipenda. Saa za adhuhuri usijisumbue, wote mtakuwa kivulini.

Kwa picha ya simu, usimkimbilie. Kaa chini, utulie, yeye ndiye atakayekusogelea akifuata wadudu. Chuchumaa upige kwa usawa wake, kwa sababu ukipiga kutoka juu mkanda wa kifuani hauonekani, na mkanda ndio unaothibitisha.

Nikishamtambua, niandike wapi?

Kenya kuna mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, ambao nchi imegawanywa vipande vya kilomita tisa kwa tisa hivi na mtu yeyote anaweza kuchangia orodha ya ndege aliowaona. Ipo pia eBird, tovuti ya kuandikia ndege inayotumiwa dunia nzima. Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909, hupokea wanachama wapya wasiojua chochote kuhusu ndege. Kwa tikisamkia mweusi andika mahali, tarehe, idadi, na kama kulikuwa na kiota. Kwa wa manjano, tarehe ya kwanza ya kumwona mwezi wa Septemba au Oktoba na ya mwisho kabla ya masika ndizo zenye thamani kubwa zaidi, hata ukiandika hizo mbili tu kwa mwaka mzima.